Stemnitsa mpaka Dimitsana kwa miguu: uzoefu wangu, na magoti yangu nayo yana la kusema

Niseme mapema tu, mie si mtu wa milima. Nimekulia Tanga mjini, milima nimezoea kuitazama dirishani basi likifika Mombo. Ila nipo Athens mwaka wa sita sasa, na wifi yangu alipokuja mwezi wa tano akasema visiwa hataki, visiwa kwao vipo (yeye ni wa Pemba), anataka apelekwe sehemu yenye kijani na baridi kidogo. Ndo nikakumbuka kuna mtu kazini alikuwa kila siku ananipigia debe hii njia ya Menalon, iko mkoa wa Arcadia, katikati ya Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki.

Njia nzima ni kama kilomita 75, wameigawa vipande 8, unaanzia kijiji cha Stemnitsa unamalizia Lagkadia. Mwaka 2015 ikapewa cheti cha ubora na shirikisho la watembea kwa miguu la Ulaya, ya kwanza kwa Ugiriki. Sisi tulifanya kipande cha kwanza tu, Stemnitsa mpaka Dimitsana, kilomita 12 na nusu kupitia bonde la mto Lousios. Wanasema ni saa 5. Sisi tulitumia saa 8 kasoro na wala sioni aibu.

Kufika: basi kutoka kituo cha Kifissos pale Athens mpaka Tripoli (mji wa huku Ugiriki, si ile ya Libya), hilo halina shida, shida ni kutoka Tripoli kupanda vijijini, mabasi ni machache hasa wikiendi, tukaishia kuchukua teksi na dereva akatukata hela ambayo wifi aliigeuza kwenye shilingi akanyamaza mpaka tunafika. Stemnitsa yenyewe ipo zaidi ya mita 1,000 juu, nyumba ni za mawe kuanzia chini mpaka paa linapoanza, ni kijiji cha mafundi wa fedha na dhahabu tangu zamani. Usiku baridi ile usiombe. Mwezi wa tano huo, tumejifunika blanketi mbili na kanga juu yake.

Tukaanza saa moja asubuhi. Sasa hapa ndo penye utapeli wa hii njia, yaani mwanzo ni kushuka tu, njia ya zamani ya nyumbu wa mizigo iliyopangwa mawe, ndege wanalia, maua ya njano pembeni, unajiona mwanariadha kabisa. Wifi alikuwa anashuka huku anaongea na simu. Baada ya saa moja na nusu ya kushuka magoti yakaanza kutetemeka yenyewe nikiwa nimesimama, na mtandao ukakatika, na programu ya ramani niliyoilipia (jina silitaji) ikatupeleka kwenye kinjia ambacho nadhani ni cha mbuzi, tukazunguka dakika 40 bure. Vibao vya njia vyenyewe vipo na vinaeleweka, kosa letu tuliiamini simu kuliko kibao. Fuata kibao.

Halafu ukikata kona moja unaona monasteri ya Prodromos, na hapo nilikaa chini. Nyumba imebandikwa kwenye ukuta wa jabali kama kiota cha mbayuwayu, vibaraza vya mbao vinaning'inia, chini yake ni hewa tu mpaka mtoni. Mlangoni kuna sketi za kuazima za kujistiri, sisi tulikuwa na kanga zetu kwenye begi, tukajifunga, mtawa mzee akatuangalia akatingisha kichwa kwa kuridhika. Ndani ni pembamba, korido moja ina mwamba upande huu na ukuta upande ule, unapita kwa ubavu, na mwamba una ubaridi wa mtungi. Akatuletea sinia: glasi mbili za maji na loukoumi, vile vipande laini kama halua lakini vimebingirishwa kwenye sukari ya unga. Wifi kavaa hijabu yake, mtawa na joho lake jeusi na ndevu mpaka kifuani, lugha hawana hata moja ya pamoja, na bado akaongezewa kipande cha pili. Mie sikuongezewa. Ila angalizo, mchana wanafunga kwa masaa kadhaa, kwa hiyo ukichelewa kutoka Stemnitsa utaishia kuangalia mlango.

Kutoka hapo unashuka tena mpaka mtoni, unavuka daraja. Wagiriki wanasema Zeus, mungu wao mkuu wa hadithi za kale, alipokuwa mchanga alioshwa kwenye maji haya na ndo maana unaitwa Lousios, mto wa kuogea. Niliingiza miguu nikahesabu mpaka tisa nikaitoa, hivyo huyo Zeus ana moyo. Kijani cha huku chini sijui nikielezeje, si kile kijani cha Ugiriki cha mizeituni chenye vumbi, hiki ni cha kumeta, miti mikubwa imefunika mto mpaka mwanga unafika chini kwa vidoa vidoa. Tulikula mkate na jibini pale saa nzima na hilo ndo kosa la pili, maana mbele ni kupanda.

Ng'ambo kuna monasteri ya Philosophou mpya, na mbele kidogo ile ya zamani ya karne ya 10, imebaki magofu yamejificha kwenye jabali, rangi ile ile ya mwamba, unaweza ukaipita. Baada ya hapo sikumbuki mengi, nakumbuka visigino vya wifi mbele yangu na maji yameisha. Bebeni lita 2 kila mtu, njiani hakuna duka wala kibanda.

Dimitsana tukaingia karibu saa tisa, tukakaa kwenye mgahawa wa kwanza tuliouona. Wakaleta horta, majani ya porini yaliyochemshwa, ndimu na mafuta ya zeituni. Wifi akaonja akaniangalia. "We, si mchunga huu!" Uchungu ule ule. Akaagiza sahani ya pili.

Kesho yake, kwa kuchechemea, tukaenda makumbusho ya nguvu za maji, yapo nje kidogo ya kijiji. Msiyaruke, ila Jumanne hufungwa. Kuna kinu cha kusaga nafaka, kuna pipa kubwa la kufulia mablanketi ya sufu ambamo maji yanayazungusha kama mashine, na kuna kinu cha baruti. Hicho sasa: gurudumu la maji linazungusha mti, mti unainua michi mizito na kuiachia, inatwanga yenyewe, twa twa twa, kama wanawake wa nyumba moja wanatwanga mpunga kwa zamu. Baruti ya vita vya uhuru vya 1821 dhidi ya Waturuki ilitwangwa kijiji hiki, vinu 14 kwa wakati ule.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Moja nimeishikilia kwa sababu ya usafiri, yaani njia ina cheti cha Ulaya nzima halafu kurudi Tripoli Jumapili unaanza kuulizia mtu mmoja mmoja mgahawani nani anashuka. Viatu vaa vyenye kushika mawe, raba za kawaida zinateleza, na fimbo nilizocheka nilipoziona kwa wazee wa Kijerumani nimeshaagiza.

Kipande cha pili, Dimitsana mpaka Zygovisti, ni kama kilomita 4 tu. Wifi anauliza kama kinaanza kwa kushuka.