TAHADHARI: Muuza katuni za zamani wa "tisa nukta nne" asiwalize kama alivyoniliza mimi

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi na popote mlipo mnaokusanya vitabu vya katuni, habari za saa hizi. Najua tuko wachache. Huku Kusini ukisema unakusanya katuni za zamani, watu wanadhani una mtoto anayejifunza kusoma. Lakini tupo, na kwa uchache wetu tapeli mmoja anatosha kutumaliza wote kwa msimu mmoja.

Jana usiku yule bwana katangaza tena. Picha ni ileile aliyonitumia mimi mwezi wa kumi na moja: kitabu cha Hulk cha mwaka 1975 kimelazwa juu ya meza ya mbao, kidole gumba chenye alama nyeupe kwenye ukucha kimeshika kona ya chini. "Kimebaki kimoja tu, NM 9.4, wahi bosi." Yaani eti kiko karibu kama kipya. Sasa kitabu hicho mimi nilishakinunua. Kiko hapa kwangu Chikongola, juu ya rafu, na hakifanani na hicho cha kwenye picha hata kwa dawa.

Mimi ni fundi simu. Kila siku ya Mungu nawaambia wateja wangu wasimtumie hela mtu wasiyemjua, halafu mimi mwenyewe nikatuma. Naomba mcheke sasa hivi mmalize, ili tuendelee.

Msimu uliopita malipo ya mnada wa korosho yalipoingia (mzee katuachia mikorosho michache kule Tandahimba) nikapata fungu langu. Nikalipa ada, nikanunua bati, na kilichobaki nikasema mwaka huu najizawadia. Huyu muuzaji anasema yuko Dar. Alikuwa na vitabu sita vya Marvel, ile kampuni ya katuni ya Marekani, vya miaka ya sabini, anataka 265,000 kwa vyote. Nikamuuliza hali yake ikoje. Akajibu haraka, tena kwa maneno ya mtu anayeijua kazi: "Kaka mimi siuzi takataka. Kila kitabu nimekipima mwenyewe. Vinne ni 9.4, viwili ni 9.0."

Nimekipima mwenyewe. Rudieni hilo neno taratibu, maana mimi nililisoma nikalipita kama napita kibao cha barabarani.

Kwa ambao ni wageni kwenye jambo hili: vitabu hivi hupimwa hali yake kwa kipimo kinachoanzia 0.5, kitabu kilichochakaa kabisa, hadi 10. Hiyo 9.4 ndiyo huandikwa NM, yaani kimekaribia kabisa kuwa kama kilivyotoka kiwandani. Pembe zimesimama, mgongo hauna vijistari vya kukunjwa, rangi inang'aa, pini mbili za mgongoni ni safi. Sasa fikiria kitabu cha 1975, kilichouzwa kwa senti kwa watoto wa Marekani, kikakunjwa kikatiwa mfuko wa nyuma wa suruali, halafu kikasafiri ndani ya makontena hadi huku. Kuna vilivyobaki 9.4, ndiyo, lakini ni vile ambavyo mtu alivihifadhi kwa makusudi tangu siku ya kwanza. Vinne kwa mpigo, kwa mtu mmoja, kwa bei ya bodaboda kuukuu? Hapo akili yangu ilikuwa imeenda kunywa chai.

Sisi watu wa korosho ndio tulipaswa kuwa wa mwisho kudanganywa namna hii. Ukipeleka gunia ghalani hakuna anayekuuliza "mzee, korosho zako daraja gani?" halafu akaandika ulivyosema. Wanachukua sampuli, wanapima unyevu, wanazikata kwa kisu waone kiini kimejaa au kimenyauka. Mwenye mzigo anakaa pembeni akisubiri. Anayeuza hawezi kuwa ndiye anayepima, na kila mtoto wa Newala analijua hilo. Lakini nilipofika mtandaoni nikaingia kangomba, ile biashara ya vichochoroni inayokwepa ghala na mizani, kwa hiari yangu.

Nikatuma hela, na ya kutolea juu. Siku nne kimya. Kuuliza, anasema basi limekwama Somanga, barabara imekatika. Na sisi wote tunajua Somanga ilivyotutesa Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya, kwa hiyo nikaamini palepale. Huyu mtu anajua sababu gani mtu wa Kusini hawezi kuikatalia. Baadaye nikamuuliza konda, akasema njia ilikuwa nyeupe wiki nzima.

Mzigo ukafika stendi umefungwa kwenye mfuko wa sukari na kamba ya manila. Nikaubeba hadi kibandani, nikawasha ile taa yangu ya lenzi ninayotumia kuchomea IC (chipu za simu), nikaanza kimoja kimoja.

Kwanza harufu. Vitabu vya zamani vya karatasi ya gazeti vina harufu yake, tamu kidogo, kama karatasi iliyokaa juani. Hivi vilinuka uvundo na dawa ya nondo kwa pamoja. Kile cha Hulk kwa mbali kilipendeza, mgongo mweusi tii. Nikakiweka chini ya lenzi. Weusi ule ulikuwa unameremeta kizambarau kwenye mikunjo, na mahali pamoja umevuka mpaka ukaingia kwenye herufi. Nikachovya pamba kwenye spiriti nikaigusisha pembeni (najua haifai, msinifokee) ikatoka nyeusi. Maka peni! Mtu kaketi mahali akapaka mgongo wa kitabu kama anayepaka kiatu rangi ya kiwi. Kwenye kazi hii kitabu kilichopakwa rangi hakiitwi kizuri, kinaitwa kilichokarabatiwa. Kampuni ya CGC ya Florida, inayopima vitabu hivi tangu 2000, ina hadi lebo yake ya zambarau kwa ajili ya vitabu kama hivyo, na bei yake huporomoka.

Pini zilikuwa za rangi ya tofali. Kutu imeshaingia kwenye karatasi, imeacha duara la kahawia upande wa ndani wa jalada. Mgongoni kwa ndani kuna selotepu, ile ya zamani inayogeuka njano na kuwa kama gamba la kitunguu.

Halafu nikafika kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Kuna dirisha. Mstatili mdogo umekatwa kwa mkasi, nikaona meza yangu upande wa pili. Kwa asiyejua: kati ya 1974 na 1976 Marvel walikuwa wanachapa stempu ndogo kwenye ukurasa huo, watoto wakate wakusanye. Wakakata kweli. Ndiyo maana ukimtajia mkusanyaji yeyote Hulk namba 181, ile ya Novemba 1974 ambayo shujaa Wolverine anaingia kwa mara ya kwanza kikamilifu, hakuulizi jalada likoje. Anauliza stempu ipo? Jalada linaweza kung'aa kama sahani ya Idi, stempu ikiwa imekatwa kitabu kimeshaanguka hadi madaraja ya chini kabisa, na kwa namba kama hiyo hapo yamepotea maelfu ya dola. Changu si 181, sina ubavu huo. Lakini tundu ni tundu, na hakuna mtu aliyekigeuza kurasa zote akasema 9.4 kwa bahati mbaya.

Vile vitano vingine nisiwachoshe. Kimoja hakina kurasa nne za katikati. Kingine jalada ni la toleo moja, matumbo ni ya toleo jingine.

Nikampigia. Hakupokea, akaandika. Kwanza: "Kaka hali ya kitabu ni maoni ya mtu." Nikamtumia picha ya pini. Akasema kutu imeingia njiani kwa sababu ya joto la basi. Kutu ya siku moja! Mabati ya Shangani yanapigwa na upepo wa chumvi miaka na miaka na hayajawahi kushika kutu kwa safari ya usiku. Nikamtumia picha ya tundu la stempu. Akanibloku.

Mke wangu aliangalia ile meza, akaangalia uso wangu, akasema tu, "Baba Zuhura, bati zile mbili zilizopungua ndizo hizi?" Akaenda kupika. Sijapata jibu la kumpa hadi leo.

Sasa mtu huyu anatumia majina tofauti, lakini tabia zake hazibadiliki. Picha ni moja kwa kila kitabu, ya jalada la mbele tu, na yule gumba mwenye alama kwenye ukucha yumo karibu kwenye zote. Nilipoitafuta ile picha ya Hulk kwenye intaneti kwa picha yenyewe badala ya maneno, ikatokea kwenye tangazo la Marekani la miaka iliyopita. Hata gumba si lake! Ukimwomba picha ya pili anasema kitabu kimeshafungwa kwenye plastiki, akikitoa kitaharibika. Ukimwomba video anasema bando limeisha. Na lazima akwambie kuna mtu wa Arusha anakisubiri.

Yeyote mtakayenunua kwake, huyu au mwingine, msiulize "hali ikoje?" Hilo swali linamwalika ataje namba. Mwambieni akipige picha jalada la nyuma, maana uchafu na alama za maji hukaa nyuma. Akifungue katikati zionekane pini kwa ndani. Akilaze ubavu, taa ipige mgongoni kutoka pembeni, mikunjo itajionyesha yenyewe. Vitabu vya miaka ile ya stempu, picha ya ukurasa wa barua ni lazima, hakuna mjadala. Kisha ahesabu kurasa kwenye video huku karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo ikiwa pembeni, hapo ndipo utajua kama kitabu anacho mkononi au ana picha tu. Rangi ya karatasi nayo iulizwe kwa picha: nyeupe, au imeanza kuwa kama maziwa ya chai, au imeshakuwa kahawia ya kumeguka. Karatasi ya gazeti ina asidi yake ya kuzaliwa nayo, na joto na unyevu wa pwani vinaiharakisha.

Mtu akikwambia "hiki kimepimwa na CGC, kimo ndani ya kasha," usilegee bado. Kila kasha lina namba yake ya cheti, na namba hiyo unaiingiza kwenye tovuti ya kampuni bila kulipa chochote. Ilinganishe na jina, toleo na daraja lililoandikwa. Na hata hapo angalia kitabu chenyewe, kwa sababu mwishoni mwa 2023 iligundulika kwamba kuna watu walikuwa wanafungua makasha kwa ufundi, wanatoa kitabu kizuri wanaweka kibovu, halafu wanarudisha kampuni ikabadilishe kasha. Fundi ni fundi, hata kwenye uovu. Mimi nimefungua simu nyingi zilizoitwa "hazijawahi kuguswa", nikakuta gundi.

Na msidhani haya ni ya vitabu vya Wazungu tu. Wiki iliyopita kijana mmoja wa Lindi kanionyesha tangazo la huyuhuyu anauza Sani za miaka ya themanini, "hali ya kiwandani". Sani! Gazeti la katuni lililobeba jina la waanzilishi wake, Saidi na Nico, ambalo lilikuwa linasomwa na nyumba nzima, kisha jirani, kisha kinyozi, kisha linafungia karanga. Nakala ya zamani iliyo nzima ni kitu cha kukaa nacho kimya. Hizo hazina hata kampuni ya kuzipima, kwa hiyo ulinzi wako ni macho yako tu. Yule kijana alikuwa ameshaandaa 80,000. Nikamwambia aombe picha ya pini. Akaambiwa bando limeisha.

Kwa upande wa hela: nilikwenda kituoni na skrinshoti zote, risiti za muamala na vitabu vyenyewe, nikaandikisha. Udanganyifu wa namna hii upo ndani ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kwa hiyo usiogope kwamba ni "katuni tu". Msifute meseji zake hata kama zinawatia hasira. Meseji za utapeli na namba iliyozituma zipelekeni kwenye namba 15040, ile ya kuripoti utapeli. Kama umemtumia hela leo au jana, acha kusoma hapa, piga huduma kwa wateja ya mtandao wako sasa hivi. Kama hajatoa, huenda ikazuiwa. Mimi nilipiga siku ya sita, ilishatoka zamani.

Vitabu vyangu sita viko kibandani. Anayetaka kuona maka peni inavyoonekana chini ya lenzi, au tundu la stempu lilivyo, aje wakati wowote baada ya saa nane mchana. Kuangalia ni bure. Yule wa Nachingwea aliyeniandikia asubuhi kwamba ameshakubaliana naye kile cha Hulk kwa 90,000: bwana, kiko kwangu, njoo nikuonyeshe kabla hujatuma.