Uzoefu wangu na Open Camera: kurudisha «Ralenti» iliyopotea baada ya sasisho

Natumia Open Camera, programu ya kamera ya Android, kwa video za mwendo wa polepole tangu sasisho la mfumo lilipoondoa kitufe cha «Ralenti» kwenye kamera ya simu yangu. Hukumu yangu naiweka mbele: kama kiendeshi cha kamera cha simu yako (programu ya ndani inayoongoza sensa) bado kinakubali picha 120 au 240 kwa sekunde, programu hii itakurudishia mwendo wa polepole, ila bila sauti. Kama sasisho limekata uwezo huo ndani ya kiendeshi chenyewe, haitakusaidia, na hakuna programu nyingine itakayokusaidia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua simu yako iko upande gani. Hapa Goma watu wengi wanapoteza pesa kwenye hatua hiyo: wanapeleka simu kwa mafundi wa Birere iflashiwe nzima (iwekewe mfumo upya) kabla ya mtu yeyote kuipima.

Kamera ya Android ina tabaka mbili zinazotuhusu. Juu kuna programu yenye vitufe unavyovibonyeza. Chini kuna kiendeshi ambacho mtengenezaji wa simu anakiandika ili kuongoza sensa, na hicho ndicho kinachotangaza kwa mfumo: naweza picha ngapi kwa sekunde, kwa ukubwa gani. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015 kuna njia rasmi ya programu yoyote kuomba picha 120 kwa sekunde na zaidi kupitia Camera2, njia ya Android ya programu kuzungumza na kamera. Mara nyingi sasisho linavuruga tabaka la juu tu. Programu ya kamera huwa imejisasisha yenyewe kupitia duka, halafu mfumo mpya unakuja na maktaba zake, na hizo mbili hazipatani. Au mipangilio ya zamani inabaki kwenye kumbukumbu na programu mpya haiwezi kuisoma. Kitufe kinatoweka ingawa sensa na kiendeshi viko vilevile.

Kabla ya kugusa chochote, fungua sehemu ya «Plus» mwishoni mwa safu ya modi, kwa sababu baada ya sasisho «Ralenti» wakati mwingine huhamishiwa huko. Rudi kwenye lenzi kuu ya 1x. Kwenye simu nyingi lenzi pana haikubali mwendo wa polepole. Zima «Économie de batterie». Kama simu ina moto, iache ipoe kivulini: joto likipanda mfumo wenyewe huzuia modi nzito. Mwisho, kama video zinahifadhiwa kwenye kadi ya SD, rudisha uhifadhi kwenye kumbukumbu ya ndani. Kadi ya daraja la 10 inahakikisha megabaiti 10 tu kwa sekunde, na picha 240 kwa sekunde zinaweza kuomba zaidi ya hapo.

Kisha nenda «Paramètres», «Applications», «Appareil photo», «Stockage», bonyeza «Vider le cache», washa simu upya, angalia. Bado? Rudi hapohapo ubonyeze «Effacer les données». Picha na video zako hazifutiki, ziko kwenye folda ya DCIM. Kinachofutika ni mipangilio ya kamera tu. Ikishindikana tena, kwenye ukurasa huohuo wa programu bonyeza nukta tatu za juu na uchague «Désinstaller les mises à jour», kama chaguo hilo lipo. Programu inarudi kwenye toleo lililokuja na mfumo, ambalo ndilo lililojaribiwa pamoja nao. Hatua hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote kwa kamera ya kiwandani, lakini ina sharti: zima usasishaji wa moja kwa moja wa programu hiyo kwenye duka siku hiyohiyo, la sivyo usiku simu ikipata Wi-Fi tatizo litarudi.

Kwangu modi ilibaki imepotea hata baada ya hapo, na hapo Open Camera ilionyesha thamani yake. Ni ya bure, haina matangazo, chanzo chake kiko wazi, na inapatikana Play Store na F-Droid (duka la programu za chanzo wazi). Ni nyepesi pia, jambo la maana kwa anayenunua mega kidogokidogo.

Ukiifungua mara ya kwanza inaweza kuwa inatumia njia ya zamani ya kamera, na kwa njia hiyo mwendo wa polepole hauonekani kabisa. Wengi wanaishia hapo, wanaifuta, wanasema haifai. Bonyeza alama ya gurudumu lenye meno, tafuta «Camera API», badilisha iwe «Camera2 API». Programu itajifungua upya. Kama chaguo hilo halipo kabisa, kiendeshi cha simu yako kinatoa uwezo wa chini tu kupitia Camera2 na safari inaishia hapo. Likiwepo, ingia upande wa video, teremsha ukubwa kutoka 4K hadi 1080p au 720p, halafu fungua nukta tatu na utafute sehemu ya kasi. Hapo ndipo penye jibu. Ukiona 1/8 (mwendo uliopunguzwa mara nane), kiendeshi bado kinatangaza picha 240. Ukiona 1/4 bila 1/8, kinatangaza 120. Ikionekana 1x na zile za kuharakisha tu, basi kiendeshi hakitangazi kitu kwa programu za nje.

Mwenye kompyuta anaweza kuthibitisha kwa maandishi. Kwenye mipangilio ya simu bonyeza «Numéro de build» mara saba, washa «Débogage USB», unganisha kebo na, kwenye kompyuta yenye adb (zana ya kuiamuru simu kupitia kebo), uandike:

adb shell dumpsys media.camera > kamera.txt

Fungua faili hilo na utafute neno availableHighSpeedVideoConfigurations. Chini yake kuna namba tano-tano, kwa mfano [1280 720 240 240 8]: upana, urefu, kiwango cha chini na cha juu cha picha kwa sekunde, na idadi ya picha zinazoombwa kwa fungu moja. Mistari hiyo ikiwepo na kitufe hakipo, lawama ni ya programu ya kamera. Isipokuwepo, kwa kawaida lawama ni ya kiendeshi. Fundi anayekuomba pesa ya kuflashi akuonyeshe kwanza mistari hii. Ni kazi ya dakika chache na haiharibu chochote.

Sasa matumizi yenyewe. Kwa 1/4 na 1080p picha inatoka safi, sioni tofauti na kamera ya kiwandani ilivyokuwa. Kwa 1/8 lazima ushuke hadi 720p kwenye simu yangu, na ukiangalia kwenye televisheni utaona ulaini wa kingo. Kwa kitu kinachokwenda kasi kweli nachagua 1/8 bila kusita: chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo) iliyobeba makaa ikiteremka kwenye barabara ya mawe ya lava, utaona mpira uliovikwa kwenye gurudumu la mbao unavyobonyea kila unapogonga jiwe, na vumbi jeusi linavyoruka nyuma punje kwa punje. Kwa wachezaji wa harusi au mpira wa miguu 1/4 inatosha, tena inapendeza zaidi, kwa sababu 1/8 inamfanya mtu anayecheza aonekane amesimama.

Usitafute kupanga ISO (wepesi wa sensa kwa mwanga) au muda wa shata (muda ambao kila picha inakusanya mwanga) kwa mkono katika modi hii. Android katika picha za kasi inaruhusu vidhibiti vya moja kwa moja tu: kufunga mwanga, kufunga rangi, kuongeza au kupunguza mwangaza, fokasi na taa. Mimi nagusa pale kitu kitakapopita, nasubiri fokasi ikae, nafunga mwanga, ndipo narekodi. Usipofunga, kitu cheusi kikipita mbele ya ukuta mweupe picha nzima itapanda na kushuka mwanga, na kwa mwendo wa polepole kasoro hiyo inaonekana kwa sekunde nyingi.

Mwanga ndio unaowashinda wengi. Katika video ya kawaida ya picha 30, kila picha ina hadi 1/30 ya sekunde kukusanya mwanga. Kwa picha 240 haiwezi kuzidi 1/240, yaani mwanga umepungua mara nane, na simu inafidia kwa kupandisha ISO, ndiyo hizo chembechembe za ndani ya nyumba. Jua la saa tatu hadi saa tano asubuhi linatosha hata kwa simu ya bei ya kati. Ndani ya ukumbi kuna tatizo la pili: umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi za bei nafuu zinafifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde. Kwa 1/8 utaona ukuta ukimetameta kama mara 12 kwa sekunde, na hakuna mpangilio wa kamera utakaouondoa. Badilisha taa. Taa ya LED inayotumia betri au sola moja kwa moja, ikiwashwa kwa nguvu kamili bila kupunguzwa, kwa kawaida haimetameti. Kuna balbu za LED za umeme wa ukutani ambazo nazo ni nzuri. Zijaribu kwa kurekodi sekunde mbili kabla ya sherehe kuanza.

Je, unachorekodi ni picha 240 za kweli? Baadhi ya kamera za kiwandani zina kitufe lakini zinachukua picha 60 au 120 na kubuni zilizobaki. Kipimo ninachokitumia ni kuangusha kitu kizito kidogo kutoka mita 1 kamili, iliyopimwa kwa utepe. Kitachukua sekunde 0.45 kufika chini. Kwa picha 240 zinazochezwa 30 kwa sekunde, anguko litadumu kama sekunde 3.6, kwa picha 120, kama 1.8. Likidumu 3.6 lakini kingo za kitu zina kivuli maradufu kila baada ya picha moja au mbili, basi hizo za katikati zimebuniwa. Open Camera haibuni picha: inaomba kwa kiendeshi, ikinyimwa haikupi.

Upungufu wake nausema wazi. Hairekodi sauti katika mwendo wa polepole, kwa hiyo anayetaka kelele za ukumbini arekodi kwa simu ya pili. Haina kile kitelezi cha kuchagua sehemu gani iwe polepole na gani iwe kawaida baada ya kurekodi; faili lote linatoka polepole, utakata mwenyewe kwenye programu ya kuhariri. Na zile picha 960 kwa sekunde, zilizoonekana kwenye Sony Xperia XZ Premium mwaka 2017 na Galaxy S9 mwaka 2018, usizitarajie: zinategemea sensa yenye kumbukumbu yake ndani na amri za siri za mtengenezaji, ambazo programu ya nje haina.

Hilo la faili kutoka polepole lenyewe, hata hivyo, ni faida kubwa kwa anayetuma video. Kamera nyingi za kiwandani huhifadhi faili la picha 240 lenye alama inayoiambia galari ilicheze polepole. Ukilituma bila kulibadilisha, simu ya mwenzako haisomi alama hiyo na video inakwenda kasi ya kawaida. Faili la Open Camera linacheza polepole popote. WhatsApp italibana likipita kama video. Litume kama «Document» libaki na ubora wake. Kwa yale ya zamani yanayocheza kasi baada ya sasisho, usiyafute: VLC itayacheza kwa 0.25x, na kwa kompyuta yenye ffmpeg (programu ya kugeuza video kwa amri za maandishi), amri ya ffmpeg -i a.mp4 -an -vf "setpts=8*PTS" -r 30 b.mp4 inalitengeneza la 240 liwe polepole moja kwa moja.

Wenye iPhone, shida yenu huwa ndogo. Angalieni «Réglages», «Appareil photo», «Enregistrer un ralenti», kisha «Formats». Ikiwa «Le plus compatible» imechaguliwa, 1080p ya picha 240 haipatikani. Inadai «Haute efficacité». Hesabuni nafasi pia, kama megabaiti 480 kwa dakika moja.

Kwa simu ambayo kiendeshi chake kimekatwa, njia iliyobaki ni kurudi toleo la zamani la mfumo, na hapo naomba uangalifu. Kufungua bootloader (programu inayowasha mfumo wa simu) kunafuta kila kitu kwenye simu. Simu nyingi zina kizuizi cha kurudi nyuma: ukilazimisha toleo la zamani kuliko kizuizi kinavyoruhusu, simu haiwaki tena. Mfumo wa toleo la nchi nyingine unaweza kuharibu mtandao. Kama fundi hawezi kukuambia namba kamili ya toleo analoliweka na kama kizuizi kinaliruhusu, chukua simu yako uondoke nayo. Mimi ningesubiri sasisho linalofuata, kwa sababu watengenezaji wakati mwingine hurudisha modi wakipata malalamiko, na likifika ningeanza kwa kufungua Open Camera nione kama 1/8 imetokea, hata kabla ya kuangalia kamera ya kiwandani.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeondoka na sauti.