Pete ya Ncha ya Fimbo ya Kuvulia: Ipi Ununue Ukiwa Dodoma, na Ipi Uiache Hukohuko Dukani

Nilibadilisha mshipi mara tatu kabla sijajua kwamba mshipi hauna kosa. Ilikuwa Hombolo, mwezi wa tatu, bwawa limejaa, kambale wanadaka chambo hata hakijatulia. Kila nikimvuta mmoja akakaribia ukingo, kat! Umekatika, na palepale karibu na ncha ya fimbo. Nikamlaani aliyeniuzia, nikanunua mshipi wa bei ya juu zaidi, nao ukakatika. Mzee mmoja wa pale, anayevua kwa ufito na ndoana yake moja na kurudi nyumbani na ndoo, alinitazama kwa muda mrefu kisha akasema: "Mama, hapo anayekula ni fimbo yako, si samaki."

Nilichukua pamba ya masikio ya mwanangu, nikaipitisha ndani ya pete ya ncha, kile kiduara cha mwisho wa fimbo ambamo mshipi unapita, nikiizungusha taratibu. Nyuzi za pamba zikanasa kwenye ufa ambao jicho langu halikuwa limeuona.

Basi nikaagiza boksi la pete kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeko Dar, vipande tele kwa bei ya kuchekesha. Likaja na basi, nikabandika moja, nikajisifu. Safari ya tatu duara la ndani la kauri likachomoka kwenye fremu na kuzama, nikabaki na duara la chuma lenye ukingo kama wa kopo lililofunguliwa kwa kisu. Kambale wa siku hiyo simsahau.

Wengi wakinunua pete huuliza rangi, uzito, kama inafanana na zilizobaki kwenye fimbo. Mimi siku hizi nauliza jambo moja tu: kauri imeshikwaje?

Pete nyingi ni mbili ndani ya moja. Nje kuna fremu ya chuma, ndani kuna duara jembamba la kauri ambamo mshipi unapita. Kauri imewekwa kwa sababu ni ngumu na laini, mshipi wa kusuka hauichimbi mfereji upesi kama unavyochimba chuma laini. Ila kauri haijui kupinda. Ukiibamiza kwenye mlango wa daladala inapata ufa na inakaa kimya. Na kama imebandikwa kwa gundi ya kubahatisha, iache ndani ya gari lililofungwa, saa nane mchana, jua hili letu, uone.

Kwa hiyo dukani usione haya. Sukuma kauri kwa kucha ya dole gumba, upande huu na upande ule. Ikicheza hata kidogo, rudisha. Kisha pitisha pamba, au kipande cha soksi nyembamba ya nailoni. Muuzaji akikasirika, hiyo ni taarifa ya bure kuhusu bidhaa yake.

Namba moja kwangu ni Fuji, na sitajifanya sina upande. Ni ya Kijapani, na kwa fimbo za kawaida chukua yenye kauri wanayoiita Alconite. Ipo ya silikoni kabaidi, ngumu zaidi na ghali zaidi, lakini kwa perege na kambale sioni sababu ya kujiumiza. Niliyonayo nimeisukuma kwa kucha mpaka kucha ikavunjika, kauri haikusogea. Bandia zipo, kwa hiyo jina peke yake halikuondolei kazi ya kusukuma.

Ya pili ni pete ya chuma cha pua kitupu isiyo na kauri kabisa, kama zile zinazokuja kwenye fimbo za Ugly Stik. Hakuna cha kuchomoka. Dada mmoja wa Iringa anayevua Mtera, kule kwenye visiki, aliniuliza: kama kinachokukera ni kauri kutoka, mbona hii huiweki ya kwanza? Swali zuri. Kwa mshipi wa kawaida wa nailoni huenda ana haki kunizidi. Lakini mimi natumia wa kusuka, halafu Fuji naipenda, na mwongozo ni wangu.

Ya tatu ni pete iliyotolewa kwenye fimbo iliyovunjika. Ulizia kwa wavuvi wenzako. Pasha mrija wake, ule unaovaa ncha ya fimbo, kwa kiberiti cha gesi, moto ukiwa mbali kidogo, uivute ikilegea. Ipime kwa pamba kama mpya.

Maboksi ya vipande tele: nimeshasema.

Sasa kipimo cha mrija, maana hapa ndipo wauzaji wanaponimaliza. Pete ya ncha ina namba mbili. Moja ni ya duara, nyingine ni ya tundu la mrija unaovaa ncha ya fimbo. Kwa vipimo vya Kimarekani mrija huhesabiwa kwa sehemu za 64 za inchi, kwa hiyo namba 5 ni karibu milimita 2. Mrija ukipwaya, pete itazunguka na mshipi utasaga fimbo. Chukua fimbo yako uende nayo. Ukiagizia mbali, nenda duka la vifaa vya ujenzi, pima ncha kwa kulinganisha na biti za drili za milimita 1.5, 2 na 2.5, kisha mwandikie muuzaji namba hiyo. Mmoja nilimwandikia akanijibu, "Dada, inaingia fimbo zote." Fimbo zote! Kama viatu vya mtumba.

Na hapa mjini ndiyo usiseme. Maduka ya uvuvi yana nyavu, maboya na ndoana, na siwalaumu, wateja wao ni watu wa nyavu. Lakini nimeomba pete yenye ukubwa wa punje ya choroko, nikaambiwa ninunue fimbo nzima. Mwingine alisema hivyo ni vitu vya wazungu, akanitajia bei ya wazungu. Tangu Serikali ihamie Dodoma kila mtu anatuona sote ni wa wizarani, tunalipwa posho ya kuvua samaki.

Kubandika si kazi. Tumia gundi ya vijiti inayoyeyushwa kwa moto, ipake kwenye ncha, vika mrija, linganisha na pete nyingine kabla haijapoa. Supagluu usiiguse, siku ya kubadilisha tena utaivunja fimbo. Pete ya katikati ndiyo ina jasho: unakata uzi wa zamani juu ya mguu wa pete, kamwe si juu ya fimbo, unapiga tupa ncha ya mguu mpaka iteremke taratibu, unazungushia uzi imara wa nailoni (mafundi cherehani wa Majengo wanao), kisha epoksi ya chupa mbili, huku ukiigeuza fimbo ili isichuruzike. Ukikwama bwawani, uzi na rangi ya kucha vitakufikisha jioni.

Nilirudi Hombolo na Fuji yangu. Yule mzee akaishika, akaigeuzageuza, akauliza imegharimu shilingi ngapi. Nikamtajia nusu ya bei. Hata hivyo akanipa pole.