TAHADHARI: "Difu loki" za Land Cruiser na Hilux zinazouzwa mitandaoni, nyingi si loki

Masika yakikaribia, matangazo ya difu loki huchipuka kama uyoga. Difu ni gia za katikati ya ekseli zinazoruhusu tairi la kushoto na la kulia kuzunguka kwa kasi tofauti; loki huyafunga yazunguke pamoja. "Difu loki OG kutoka Japani, inafunga Land Cruiser na Hilux zote, wahi." Hayo maneno "zote" peke yake yatosha kukufanya uondoke. Difu ya nyuma ya Hilux nyingi ina krauni (gia kubwa ya duara) ya inchi 8, ya Land Cruiser za familia ya 70 ina krauni ya inchi 9.5. Haziingiliani kabisa. Anayekwambia ni moja, ama hajui anachouza, au anajua vizuri sana.

Tahadhari hii ni kwa wenye pikapu za kazi, magari ya watalii, ya mashamba na ya migodi. Loki inakaa ndani ya chuma, ndani ya oili, huioni. Muuzaji tapeli anaishi hapo hapo, kwenye kile usichokiona. Kwa hiyo sharti ni moja: usilipe mpaka umeiona ikifunga, halafu ukaiona ikifungua. Picha haifungi, wala sanduku halifungi.

Utapeli unaowaumiza wengi kuliko wote ni wa kuuziwa LSD kwa jina la loki. LSD ni difu halali, yenye plate za msuguano ndani. Inapunguza tairi moja kuzunguka bure, ila haifungi. Tairi moja likining'inia hewani, LSD iliyochoka inakuacha pale pale kama difu ya kawaida. Kuitambua si kazi: weka kabari matairi ya mbele, nyanyua matairi yote mawili ya nyuma kwa jeki na uweke stendi, gia nyutro, hendibreki chini. Zungusha tairi moja kwa mkono. Kwenye difu ya kawaida lile la pili linazunguka kinyume. Kwenye LSD nzima yanazunguka pamoja, na hapo ndipo watu hudanganyika wakashangilia. Sasa mtu mmoja ashike tairi moja kwa nguvu, wa pili azungushe jingine kwa spana ndefu iliyopitishwa kati ya stadi. LSD itateleza kwa uzito. Loki iliyofungwa haitelezi, utageuza kile kilegezo kidogo cha meno kisha inagoma. Na ukiizima, matairi lazima yarudi kuzunguka kinyume. Loki inayofunga lakini haifungui ni balaa kubwa kuliko kutokuwa na loki.

Hapo tunafika kwenye difu iliyochomelewa. Fundi anachukua spaida (gia ndogo za ndani ya difu) za kawaida, anazichomelea pamoja, anapulizia rangi nyeusi, muuzaji anaiita "loki otomatiki". Ni kweli imefungwa, na itabaki imefungwa milele. Kwenye lami, kila kona tairi la nje linataka kwenda mbali kuliko la ndani na halipati ruhusa. Raba zinakwisha haraka, mkia wa gari unarukaruka, na siku moja ekseli inakatika. Hilux ina ekseli ya nyuma inayobeba uzito wa gari na kuzungusha tairi kwa wakati mmoja, kwa hiyo ekseli ikikatika vibaya tairi linaweza kuondoka nayo. Pikapu za Land Cruiser 79 zina ekseli ya nyuma inayoelea, uzito unabebwa na habu, ndiyo maana ikikatika tairi hubaki mahali pake. Loki otomatiki ya kweli, ya aina ya Detroit au Lokka, ukikata kona polepole husikika "ta-ta-ta" tairi la nje linapoachiliwa. Iliyochomelewa hailii hivyo. Utasikia matairi yakilalamika tu. Ikiwa difu imeshafungwa kwenye gari, kata usukani mpaka mwisho uwanjani uzunguke duara moja. Gari lenyewe litakwambia.

Kuna na gari la mtumba lenye kitufe cha loki kwenye dashibodi na loki hakuna. Kitufe kinapatikana dukani, stika zinachapishwa, na waya mmoja tu unatosha kuwasha taa. Loki ya umeme ya kiwandani ya Toyota ina tabia zake, mjaribie hizo. Swichi ya kuzungusha ina nafasi ya kuzima, kisha RR kwa nyuma, na kwa gari lenye loki ya mbele pia, FR RR. Loki hufanya kazi ukiwa umeweka L4 (fo-wili ya gia nzito) tu, na gari likiwa linatambaa, chini ya kama kilomita 8 kwa saa. Ukiiwasha, taa hupepesa kwanza mpaka meno yakutane, ndipo inatulia. Mara nyingi lazima usogeze gari kidogo. Kwa gari lenye ABS, taa ya ABS nayo huwaka loki ikishika. Taa inayotulia papo hapo kila mara, hata ukiwa H2 (matairi mawili tu yanavuta), imeunganishwa na fyuzi, haikuunganishwa na difu. Chungulia chini: mota ya loki imefungwa kwenye kichwa cha difu (chuma kinachobeba gia zake), ina waya wake. Hakuna mota, hakuna loki. Soma pia bati la utambulisho la kiwandani, mstari wa ekseli. Land Cruiser 80 yenye K294 na yenye K29A si ekseli moja: hiyo A ya mwisho ndiyo loki ya kiwandani, 4 ni difu ya kawaida yenye spaida nne.

Sasa vichwa vya difu vyenye loki ya umeme, vya mtumba kutoka Japani au Uarabuni. Hivi vingi ni halisi. Kinachoumiza ni kwamba havijakamilika, na muuzaji hasemi. Mota imekauka kwa kukaa miaka bila kutumika, maji yameingia, sumaku za ndani zimebanduka. Au mota haipo, na bei ya mota peke yake itakufanya ukae chini. Waombe wakupe na plagi ya waya yenye kipande kirefu, pamoja na kompyuta yake ndogo na swichi. Mota ijaribiwe kwa betri ya volti 12 kupitia fyuzi, mguso mfupi tu: inapaswa kusukuma uma (mkono wa ndani) na kolari (pete inayofunga gia) iingie, ukigeuza waya irudi. Usiiachie umeme ikishafika mwisho, utaichoma wewe mwenyewe kisha muuzaji akucheke. Jambo lingine wasilolisema: kwa Hilux, kichwa hicho hakiingii kwenye hauzingi (ganda la ekseli) ya kawaida. Baadhi ya stadi zimekaa mahali tofauti na panatakiwa nafasi iliyokatwa kwa ajili ya uma. Muuzaji mwaminifu anakuuzia ekseli nzima na hauzingi yake.

Loki za hewa za kuiga ndizo zinazotia hasira. Zinakuja kwenye sanduku lenye rangi na jina la kampuni inayojulikana, na mara nyingi kosa haliko kwenye sanduku. Liko kwenye chuma. Beba tupa mpya ndogo, gusa ukingo wa jino la gia ya ndani mahali pasipofanya kazi: kwenye chuma kilichokazwa tupa inateleza kama kwenye kioo, kwenye laini inauma na kuacha unga. (Gamba la nje linaloshika gia hizo lenyewe huwa laini, usilipime hilo ukapiga kelele bure.) Meno laini hulika kingo, loki inaanza kuruka ikiwa na mzigo, na vipande vyake vinapita kati ya krauni na pinioni (gia ndogo inayoizungusha). Baada ya hapo hununui loki tena, unanunua difu.

Pili, upepo. Funga kompresa yenye geji, jaza mpaka psi 100 hivi, funga vali, tumbukiza sehemu ya sili kwenye maji ya sabuni, subiri dakika 10. Sindano isishuke, mapovu yasitoke. Oringi mbovu hazionekani mpaka gari liko porini: upepo unavujia ndani ya hauzingi, unasukuma oili itoke kwenye kipumulio juu ya ekseli, kompresa haizimi mpaka inaungua. Ukiona oili imetapakaa kwenye kipumulio cha gari la mtumba lenye loki ya hewa, umeshaijua hadithi.

Kabla hata ya kumpigia muuzaji, ujue ekseli yako. Kwanza resho, yaani propela (shafti inayozungusha difu) inazunguka mara ngapi tairi likizunguka mara moja. Land Cruiser 79 ya injini ya 1HZ kwa kawaida ni 4.11, yaani krauni meno 37 na pinioni 9. Ya V8 ya dizeli ni 3.909, meno 43 kwa 11. Kupima bila kufungua difu, kwa difu isiyo na loki wala LSD: kabari matairi ya mbele, gia nyutro, hendibreki chini, nyanyua tairi moja tu la nyuma, weka alama ya chaki kwenye propela, kisha zungusha tairi hilo mara 2 kamili. Propela ikizunguka karibu mara 4 lakini isifike, ni 3.9, ikipita 4 kidogo ni 4.1, ikifika mara 4 na karibu theluthi, ni 4.3. Muuzaji akisema "resho utaizoea", mwache. Nyuma 4.30 na mbele 4.11 gari linatembea vizuri mpaka siku uweke fo-wili kwenye ardhi ngumu. Hapo transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma) inavutwa na pande mbili zisizokubaliana. Kisha hesabu splaini (meno ya mwisho wa ekseli) za ekseli zako mwenyewe, usitegemee kitabu wala mdomo wa mtu, maana 30 na 32 zinafanana kwa macho.

Loki ndogo inayochukua nafasi ya spaida tu, bila kubadilisha gamba, ni rahisi na fundi anaifunga bila kugusa pinioni. Inafaa gari la shamba. Lakini inakaa ndani ya gamba lako la zamani, kwa hiyo gamba lililochakaa au pini iliyolika itaiua mapema. Kwa pikapu inayobeba tani na kutembea lami siku tano kwa wiki, chagua inayozimwa, ya hewa au ya umeme. Otomatiki kwenye pikapu tupu, mvua inanyesha na lami imelowa, mkia unaweza kukutangulia kwenye kona.

Kwenye kufunga pia kuna wizi. "Nafunga kwa saa mbili" maana yake hakuna atakayepima. Lazima kuwe na dayo geji (geji ya sindano ya kupimia nafasi ndogo): nafasi kati ya krauni na pinioni iwe milimita 0.13 hadi 0.18 kwa difu ya inchi 8, na 0.15 hadi 0.20 kwa ya 9.5, irekebishwe kwa nati za beringi za pembeni, halafu meno yapakwe rangi ya kupimia uonyeshwe alama. Ikibana, difu inachemka; ikilegea, inalia na kugonga. Tundu la bomba la hewa, la milimita 11 hivi, litobolewe kichwa kikiwa kimeshuka na gamba limetolewa, si juu ya gari. Unga wa chuma ukibaki ndani unasaga beringi zote mpya. Oili ya kwanza ya difu, ya GL-5, imwagwe baada ya kilomita 500 hadi 800.

Kwa wanaouza mitandaoni tu: omba video, si picha, wakionyesha namba zilizogongwa kwenye krauni pamoja na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Hapo wengi hukata simu. Usitume "ya kutolea" wala "ya kugomboa mzigo bandarini". Aliyekwama bandarini mara ya kwanza atakwama na ya pili. Lipia kwa Lipa Namba au benki kwa jina la duka, upewe risiti ya kodi ya EFD, au ya eTIMS kwa walio Kenya, iandikwe aina ya loki, resho na idadi ya splaini, siyo "spea ya gari".

Aliyekwisha kuuziwa feki asiifungue wala kuifunga kwenye gari. Piga picha zote, hifadhi sanduku, mpe muuzaji notisi ya maandishi, kisha peleka Tanzania kwa Tume ya Ushindani (FCC), Kenya kwa mamlaka ya kupambana na bidhaa bandia iliyoundwa kwa sheria ya 2008. Ukishaiingiza kwenye oili, muuzaji atasema ni fundi wako aliyeivunja, na hutakuwa na cha kumjibu.