Saint-Émilion: anza chini ya ardhi, chupa baadaye

Wageni wengi wa Saint-Émilion, mji wa mvinyo karibu na Bordeaux, Ufaransa, huingia duka la mvinyo la kwanza wanalokutana nalo, na saa ya treni ikifika hawajaona lililo bora kuliko yote. Mji huu umesimama juu ya mwamba wa chokaa uliotobolewa kwa karne nyingi. Huko chini ndiko pesa yako iende kwanza.

Kanisa lake maarufu, Église monolithe, lilichongwa ndani ya mwamba mmoja mwanzoni mwa karne ya 12: urefu mita 38, kimo mita 12. Juu yake umekaa mnara wa kengele wa mita 68. Maji yalipenya kwenye jiwe, nguzo zikalegea na mzigo ni ule ule, ndiyo maana utazikuta zimefungwa vyuma vizito tangu miaka ya 1990. Vyuma vinaharibu picha, kweli, lakini bila hivyo usingeruhusiwa kuingia. Peke yako huingii: sharti ujiunge na ziara ya ofisi ya utalii, iliyo Place des Créneaux, miguuni pa mnara. Ziara za Kiingereza ni chache kuliko za Kifaransa na wikendi za kiangazi hujaa, kwa hiyo weka nafasi mapema. Utaoneshwa pia pango linalosemekana lilikuwa makazi ya mtawa Émilion katika karne ya 8. Beba sweta hata Julai.

Mnara una tiketi yake na vidato 196. Ngazi ni nyembamba. Mkikutana, mmoja wenu atarudi nyuma. Tour du Roy, mnara mwingine wa kale mjini, ina vidato 118 tu, na kutoka kule unauona mnara wenyewe, jambo ambalo aliyepanda mnara halipati.

Treni kutoka Bordeaux Saint-Jean, kituo kikuu cha Bordeaux, huchukua kama dakika 35. Usumbufu ni kwamba kituo kiko nje ya mji: kutembea dakika 20 katikati ya mizabibu, halafu mpando. Treni ni chache, kwa hiyo angalia ya kurudi kabla hujatoka kituoni. Ikikupita, tafuta teksi hadi mji jirani wa Libourne, kilomita 8 hivi, ambako treni ni nyingi zaidi. Vichochoro vya mteremko, vinavyoitwa tertres, vimetandazwa mawe yaliyolainishwa na nyayo, na mvua ikinyesha vinateleza kama sabuni. Vaa soli ya mpira. Visigino viache hotelini.

Sasa mvinyo. Mtego mkubwa uko kwenye lebo. “Saint-Émilion Grand Cru” haimaanishi shamba limepewa daraja. Eneo ni lile lile la Saint-Émilion ya kawaida. Tofauti ni mavuno madogo kwa hekta na muda mrefu zaidi wa kukomaza. Daraja hasa ni neno “Classé”. Orodha ya 2022 ina mashamba 85, 14 yakiwa Premier Grand Cru Classé, daraja la juu, na kati ya hayo mawili tu, Pavie na Figeac, yana herufi A, alama ya juu kabisa. Mashamba ya Cheval Blanc, Ausone na Angélus yalijitoa yenyewe, kwa hiyo usidhani yameshuka. Muuzaji akikupandishia bei kwa sababu ya “Grand Cru” peke yake, mwulize Classé iko wapi.

Asiye na gari asihangaike: shamba la Clos Fourtet liko ng'ambo ya barabara kutoka kanisa kubwa la juu ya ardhi (si lile la mwambani), na ghala zake za mvinyo zimo ndani ya machimbo ya zamani, ambamo ubaridi haubadiliki sana mwaka mzima. Huko, kama kwenye mashamba mengi, huingii bila miadi, na Jumapili milango mingi hufungwa. Mvinyo mwingi wa hapa ni zabibu za Merlot zilizochanganywa na za Cabernet Franc. Unapoonja, tema mvinyo kwenye ndoo bila haya, la sivyo glasi ya nne hutaitofautisha na ya kwanza.

Asiyekunywa pombe ana ziara ya chini na ana macarons, biskuti ndogo za lozi, ambazo mji unasema zilianza kwa watawa wa kike Waursulina mwaka 1620. Usitegemee zile za rangi rangi za Paris. Hizi ni lozi, sukari na ute wa yai, hazina krimu katikati, na huuzwa zikiwa bado zimeganda kwenye karatasi zilizookewa. Zibandue taratibu kwa kukunja karatasi, ukizivuta, zinakatika.