Sonic 2 niliyoinunua Bukavu, na maneti ya pili ambayo tundu lake halina waya

Nianze na neno aliloniambia muuzaji, maana ndilo lililonifanya niandike. Nilimrudishia mashine ya michezo nikiwa nimelowa mvua, nikamweleza kwa adabu kwamba maneti ya pili, yaani kile kidude cha vitufe cha kuchezea, haifanyi kazi. Hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Papa, ule wa pili anafuataga mwenyewe. Maneti ya pili ya nini?" Kisha akamgeukia mteja mwingine.

Anafuataga mwenyewe. Nilipanda ngazi za mtaa wa Kadutu hadi nyumbani na neno hilo kifuani kama jiwe.

Linaloniuma zaidi ni kwamba hakusema uongo. Katika Sonic the Hedgehog 2, ule mchezo wa 1992 wa mashine ya Sega iitwayo Mega Drive, Sonic, kalunguyeye wa bluu, hakimbii peke yake kama katika mchezo wa kwanza. Nyuma yake yuko Tails, mbweha mdogo wa mikia miwili, na usipomgusa anafuata mwenyewe: Sonic akiruka, naye anaruka. Lakini mtu akishika maneti ya pili, Tails anakuwa wake. Na hapa waliotengeneza mchezo huu walimfikiria mtoto mdogo wa kila nyumba. Tails akianguka shimoni, akiachwa nyuma, akipigwa na adui, hapunguzi uhai wa mtu yeyote. Anapotea kidogo, halafu huyo anarudi kutoka angani akizungusha mikia kama helikopta. Pete anazookota zinahesabiwa kwa Sonic. Robotnik, adui mkuu, akija na mashine yake mwishoni mwa eneo, Tails anaweza kumpiga tena na tena bila woga. Mtoto wa miaka mitano anakaa kando ya kaka yake wa miaka kumi, anacheza kweli, na hamharibii kitu.

Mimi ndiye nilikuwa huyo mtoto. Mjomba alipotuletea Mega Drive kutoka Bujumbura, yaya, yaani kaka yangu mkubwa, alishika maneti ya kwanza, mimi ya pili, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mahali pekee nilipomtia hasara ni kule kwenye bomba la pete, unakoingia kutafuta zumaridi ukiwa umepita nguzo na pete 50. Kule Tails anafuata kwa kuchelewa kidogo, kwa hiyo bomu ambalo Sonic amelikwepa, wewe wa nyuma unalikanyaga, na pete zinamwagika. Zumaridi ziko 7. Ile ya saba yaya aliipoteza kwa sababu yangu, akanizaba kofi, na kesho yake akaniita tena tucheze. Hakuna siku aliyonyang'anya ile maneti.

Watu wakiulizwa uzuri wa mchezo huu wanasema mbio. Mimi nasema mteremko. Mtoto wa Bukavu, mji wa vilima, anaelewa jambo hili kwa miguu yake: ukishuka kutoka juu hujikimbizi, kilima ndicho kinachokukimbiza, na kazi yako ni kutojikwaa. Sonic ni hivyo hivyo. Mwendo aliouokota kwenye mteremko ndio unaompandisha upande wa pili. Katika mchezo wa kwanza, ule wa 1991, ukisimama chini ya kilima ilibidi urudi nyuma ukatafute mwendo upya. Katika huu wa pili unabonyeza chini, unagonga kitufe, anajikunja kama mpira na kuzunguka palepale, vumbi linatoka nyuma, ukiachia anafyatuka. Wameongeza jambo dogo hilo tu, na mchezo mzima umepumua. Nimecheza michezo mingi mipya kwenye simu, yenye picha zinazong'aa kama kioo, na hakuna hata mmoja ulionipa raha ile ya kuachia kitufe.

Ndiyo maana nilipoiona ile mashine dukani, nyeusi, ndogo, maneti mbili, michezo mingi ndani na Sonic 2 ikiwemo, nilitoa dola zangu 40 bila hata kupunguziwa bei. Kijana wangu ana miaka tisa, binti ana sita. Nilishajua nani atakaa wapi.

Sauti ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Muziki wa Chemical Plant, eneo la pili la mchezo, ambao naweza kuuimba nikiwa usingizini, ulitoka mzito na mchafu kama redio yenye betri za kufa. Nikavumilia. Watoto wakakaa mkekani, Sonic akaanza kukimbia Emerald Hill, eneo la kwanza, Tails nyuma yake, na binti akapiga kelele za furaha kwa dakika kama tano. Halafu akanyamaza. Nikamwona anabonyeza kitufe cha kuruka mara moja, anaangalia televisheni, anabonyeza tena, anaangalia. Akanigeukia.

"Papa, huyu hanisikii."

Hapo ndipo nilipoichomoa mashine na kushuka nayo dukani kwenye mvua. Mengine mmeshasikia.

Siku chache baadaye nilimpelekea fundi mmoja anayetengeneza redio karibu na soko la Nyawera. Alifungua skrubu nne, akanigeuzia kile kifuniko bila kusema neno, nikaona mwenyewe. Tundu la kwanza lina nyaya zake, nyembamba, za rangi rangi. Tundu la pili halina hata waya mmoja. Ni plastiki iliyochongwa ikafanana na tundu. Kwa hiyo haikuharibika, maana haikuwahi kuwa nzima. Kuna mtu mahali fulani alikaa akahesabu ataokoa pesa kiasi gani akimnyima mtoto wa pili, akaona inafaa, na bado akatia maneti mbili kwenye boksi! Nilitetemeka. Nilitaka kurudi dukani nimwage vile vipande juu ya meza yake.

Fundi akanizuia. Alionyesha kwamba kwenye bodi nafasi za kuunganishia zipo, zimeachwa tupu. Akatoa nyaya kwenye redio ya zamani, akaziunga moja moja kwa risasi, mimi nikimshikia taa ya simu. Alinitoza kidogo kuliko nilivyotegemea.

Nilikuwa nimeamua kuwaambia msinunue kabisa. Jioni ile binti akashika maneti yake, akaruka, Tails akaruka. Akaruka tena. Alimpiga Robotnik mara tatu kabla kaka yake hajafika, na kijana akasema, "Wewe uko mkali!" Nikashindwa kuichukia mashine, hata na sauti yake ya redio iliyokufa. Kwa hiyo nasemaje? Mchezo wenyewe, hata uje kwenye kopo, utafuteni. Mashine, nunueni tu kama muuzaji atakubali mjaribu maneti zote mbili mbele yake. Yule wangu msimpe hata faranga moja. Hapana, sibadilishi.

Hatujaumaliza. Mchezo huu hauhifadhi mahali ulipofika, na umeme wetu unakatika, kwa hiyo kila mara tunaanza tena Emerald Hill. Juzi tulifika eneo la Metropolis, hatua yake ya tatu, giza likaingia. Baada ya hapo ni Sky Chase, ambako Tails anaendesha ndege na anayeshika maneti ya pili hana la kufanya, halafu Sonic anaendelea peke yake mpaka Death Egg, eneo la mwisho, ambako hakuna hata pete moja ya kumlinda. Mwisho kabisa Tails ndiye anayekuja na ile ndege kumdaka Sonic akianguka. Binti hajui. Maneti yake itanyamaza tena, atanigeukia, na safari hii nitakaa naye mkekani nimwambie asiiweke chini.