Pampu ya vakyumu ya mkono imeniepusha kununua vali ya EGR

Gari langu la petroli lilikuwa linawasha taa ya cheki injini, na kila nikipanda mlima wa Kitonga injini inagonga. Kompyuta ikasoma P0401, yaani moshi unaorudishwa ndani ya injini hautoshi. Fundi akaniambia vali ya EGR, ile inayorudisha moshi huo, imekufa, nitafute nyingine. Nikaona kabla ya kutoa hela hiyo, bora ninunue pampu ndogo ya mkono ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, yenye geji nijipimie mwenyewe.

Siku ya kwanza nusura na mimi niihukumu vali bure. Nikivuta pampu ikiwa imeungwa kwenye vali, mshale unapanda kisha unashuka taratibu, nikajua diaframu, ule utando wa ndani unaovutwa na vakyumu ili vali ifunguke, imepasuka. Nilipoziba mdomo wa pampu kwa kidole gumba, mshale ukashuka vilevile! Kumbe kiunganishi cha mpira kilikuja kimelegea. Nikabadilisha kipande cha mpira, ukatulia. Hapa muuzaji ninamlaumu kabisa. Kifaa cha kupimia hakitakiwi kuvuja.

Nikaanza upya. Injini ya moto, iko sailensi (inaunguruma bila kukanyaga mafuta), nikachomoa mpira mwembamba juu ya vali nikachomeka wa pampu. Nikavuta hadi inchi 10 za zebaki, kipimo cha vakyumu kwenye geji. Mshale ukasimama pale pale, kwa hiyo diaframu ni nzima. Ila injini haikutikisika hata kidogo, na moshi ukiingia ndani yake ikiwa sailensi ilitakiwa itetemeke au izime. Basi vali inavutwa, moshi haupiti.

Nikaifungua. Tundu la kupitishia moshi kwenye manifoldi lilikuwa limejaa masizi magumu, hata penseli haipenyi. Nilikwangua kwa waya, nikapuliza dawa ya kusafishia kabureta nikiiepusha na diaframu, nikafunga na gasketi mpya. Nikavuta tena pampu: mshale haujafika hata 6, injini ikazima. Sijawahi kufurahi hivyo gari kunizimikia.

Nimeshapanda Kitonga mara mbili tangu hapo, haigongi, na taa haijarudi. Kwa shilingi 45,000 nilizotoa, pampu imeshajilipa. Wenye vali ya EGR ya umeme msiinunue kwa kazi hii; hiyo haifunguki kwa vakyumu, inataka kompyuta inayoweza kuiamuru ifunguke huku injini inaunguruma.